Mabanda ya Mataifa Katika Maonesho ya Dunia: Nani Huyajenga, Yana Nini Ndani na Mgeni Ayatembeleeje

Kila mara viongozi wetu wanaposafiri kwenda kutembelea banda la nchi katika Maonesho ya Dunia, maswali yaleyale hurudi vijiweni, kwenye makundi ya simu na hata kwenye vipindi vya redio. Wamekwenda kuuza nini huko? Banda lile ni la serikali au la wafanyabiashara? Kwa nini nchi moja ina jengo zima lenye ghorofa na nyingine ina chumba kimoja tu ndani ya ukumbi wa watu wengi? Maswali hayo yalisikika Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipohudhuria Siku ya Tanzania huko Dubai, na maonesho yalipohamia Osaka, Japani, mwaka 2025, yaliulizwa upya. Ni maswali halali kabisa na yanastahili majibu ya wazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zinazolipia mabanda hayo ni ya umma, na jina linaloandikwa mlangoni ni letu sote.

Tuanze na maana. Maonesho ya Dunia ni mkusanyiko wa mataifa unaofanyika kila baada ya miaka 5, kwa muda usiozidi miezi 6, katika mji wa nchi iliyochaguliwa kuwa mwenyeji. Banda la taifa ni jengo, au sehemu ya jengo, ambamo serikali ya nchi mshiriki hujieleza kwa wageni kwa kufuata kaulimbiu ya maonesho hayo. Kaulimbiu ni swali kuu ambalo mwenyeji huyapa mataifa yote yalijibu. Milan mwaka 2015 swali lilihusu namna ya kuilisha dunia, Shanghai mwaka 2010 lilihusu maisha bora mijini, na Osaka mwaka 2025 lilihusu jamii ya baadaye na uhai wa binadamu. Mgeni anayeingia bandani bila kuijua kaulimbiu huona vitu vingi vizuri asielewe kwa nini vimewekwa pamoja.

Mkanganyiko mkubwa kwetu unatokana na Sabasaba. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yanayoandaliwa na TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara ya Tanzania, katika viwanja vya Mwalimu Nyerere vilivyopo Barabara ya Kilwa, nayo yana mabanda, yana bendera za nchi za nje na yana viingilio, kwa hiyo mtu hudhani Maonesho ya Dunia ni Sabasaba iliyokuzwa. Tofauti ipo katika mshiriki na katika lengo. Sabasaba hufanyika kila mwaka kwa takriban wiki 2, na anayekuja, awe kampuni, taasisi au mjasiriamali mwenye meza ya sabuni na viungo, amekuja kutafuta wateja na mawakala. Katika Maonesho ya Dunia anayealikwa ni dola. Mwaliko hupitia njia za kidiplomasia, serikali hujibu kwa maandishi, kisha humteua kamishna mkuu ambaye ndiye mwakilishi wake mbele ya mwenyeji kwa kila jambo linalohusu banda. Kampuni zinaweza kudhamini banda, na wafanyabiashara wanaweza kukutana humo na wenzao, lakini hakuna kampuni inayoweza kujitwalia jina la nchi ikafungua banda la taifa kwa uamuzi wake yenyewe.

Lipo pia kundi linaloamini kwamba shughuli hii ni ya Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa hushiriki, na Osaka ulikuwa na banda lake, lakini hauyasimamii. Msimamizi ni Shirika la Kimataifa la Maonesho, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kifaransa, BIE, lenye makao makuu mjini Paris. Lilizaliwa na mkataba uliotiwa saini mwaka 1928, wakati ambapo kila mji mkubwa wa Ulaya na Marekani ulikuwa ukitangaza maonesho yake na serikali zikachoshwa na mialiko isiyokwisha. Mkataba huo ndio uliopanga ni mara ngapi maonesho yafanyike, kwa muda gani, na mwenyeji ana wajibu gani kwa wageni wake. Wanachama wa BIE ni nchi, na ndizo zinazopiga kura kumchagua mwenyeji, kila nchi kura moja. Novemba 2023 Riyadh ya Saudi Arabia ilishinda uenyeji wa mwaka 2030 kwa kura 119, ikiziacha Busan na kura 29 na Roma na kura 17.

Chini ya mkataba huohuo kuna aina nyingine ambayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Kati ya Maonesho ya Dunia mawili huweza kufanyika maonesho maalumu, ambayo hayazidi miezi 3, eneo lake halizidi hekta 25, na kaulimbiu yake ni finyu zaidi. Humo nchi hazijengi. Mwenyeji hujenga kumbi zote, kisha hukabidhi kila mshiriki nafasi yake aipambe. Belgrade, Serbia, imepangiwa maonesho ya aina hiyo mwaka 2027. Pia yapo maonesho ya kilimo cha bustani na maua, nayo yana utaratibu wake. Na wale waliosikia kwamba Tanzania ilikuwa na banda Venice mwaka 2024 kwa mara ya kwanza wafahamu kwamba hayo ni mashindano na maonesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895, hayana uhusiano na BIE, ingawa nayo hupanga washiriki kwa mataifa.

Jinsi mataifa yalivyopata mabanda yao

Maonesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika London mwaka 1851, ndani ya jengo moja kubwa la vioo na chuma lililosanifiwa na Joseph Paxton katika bustani ya Hyde Park. Wageni wapatao milioni 6 waliingia. Nchi zote zilikaa chini ya paa moja, kila moja na eneo lake, na kilichoshindaniwa kilikuwa mashine, nguo na madini. Ni Paris, mwaka 1867, ambapo nchi ziliruhusiwa kujenga majengo yao kwenye bustani iliyozunguka ukumbi mkuu, na tangu hapo jengo lenyewe likawa sehemu ya maelezo. Mgeni alianza kuhukumu nchi kwa paa lake, mlango wake na ua wake kabla hajaona bidhaa hata moja.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu historia hii ina sehemu inayotuhusu moja kwa moja na ambayo vitabu vingi vya sherehe huipita haraka. Kwa miongo mingi watu wa Afrika hawakuwa waoneshaji, walioneshwa. Mwaka 1897, katika maonesho ya Brussels, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo, aliamuru Wakongo 267 wapelekwe Tervuren, nje kidogo ya mji, wakaishi katika vijiji vya maigizo ndani ya bustani huku umati ukipita kuwatazama. Saba kati yao walifariki huko, na makaburi yao yapo Tervuren hadi leo. Miaka 61 baadaye, mwaka 1958, Brussels ilipoandaa maonesho mengine na kujenga lile jengo la Atomium linalosifiwa mpaka sasa, bado kulikuwa na kijiji cha Wakongo ambapo mafundi walikaa nyuma ya uzio wakichonga na kusuka huku baadhi ya watazamaji wakiwatukana na kuwarushia ndizi. Wakongo wale waliamua kuondoka kabla maonesho hayajafungwa, na miaka 2 baadaye nchi yao ikapata uhuru. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba mtu hawezi kuelewa thamani ya banda la taifa la Kiafrika, hata likiwa dogo namna gani, bila kujua habari hii. Banda hilo ni mahali ambapo wenyewe huamua waseme nini juu yao na nani asimame mlangoni kuyasema.

Mabadiliko hayo yalionekana wazi Montreal mwaka 1967. Tanzania, Kenya na Uganda, zikiwa na uhuru wa miaka michache tu, zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki katika kundi la majengo ya pamoja lililoitwa Mahali pa Afrika. Kumbi zilikuwa za pamoja, lakini kila serikali ilizungumza kwa jina lake.

Kwamba banda ni kauli ya kisiasa, hata linapojifanya ni la utamaduni tu, hakuna maonesho yaliyolidhihirisha hilo kama Paris mwaka 1937. Ujerumani ya Wanazi na Umoja wa Kisovieti ziligawiwa viwanja vinavyotazamana karibu na Mnara wa Eiffel. Ujerumani ilisimamisha mnara wenye tai juu yake, Wasovieti wakasimamisha sanamu kubwa ya chuma ya mfanyakazi na mkulima mwanamke wakiinua nyundo na mundu. Hatua chache kutoka hapo, Jamhuri ya Uhispania, ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilijenga banda la kiasi tu, lakini ndani yake ikatundika mchoro wa Picasso kuhusu mji wa Guernica uliopigwa mabomu mwaka huohuo. Mabanda makubwa mawili yalibomolewa, na mchoro ule bado unawavuta watu Madrid.

Nani hujenga na nani hulipa

Swali la kwa nini nchi moja ina jengo lake na nyingine ina chumba lina jibu rahisi mtu akifikiria namna tunavyopata makazi mjini. Yupo anayenunua kiwanja akajenga nyumba kwa ramani yake. Yupo anayepanga nyumba nzima iliyokwisha kujengwa, akapaka rangi na kuweka samani zake. Na yupo anayepanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, wakichangia ua na lango. Osaka njia hizo 3 zilikuwa rasmi. Nchi zenye uwezo zilipewa kiwanja zikajenga zenyewe, nyingine zilikabidhiwa majengo yaliyosimamishwa na mwandaaji, na nyingine ziliwekwa katika kumbi za pamoja. Ilikuwapo pia njia ya katikati, iliyobuniwa baada ya gharama za ujenzi kupanda na baadhi ya nchi kuona hazitawahi kumaliza kwa wakati.

Dubai ilifuata njia tofauti. Maonesho ya huko, yaliyoitwa ya 2020 lakini yakafanyika kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, yaliwakusanya washiriki 192, na kila nchi ilipewa banda lake lenye mlango wake. Nchi hazikupangwa kwa mabara. Zilipangwa katika maeneo 3 ya kaulimbiu, yaani fursa, mawasiliano na usafiri, na uendelevu, hivyo mgeni aliweza kutoka banda la nchi ya Afrika akaingia la nchi ya Amerika ya Kusini bila kuvuka barabara. Milan mwaka 2015 ilikuwa imejaribu jambo jingine la kuvutia, nalo ni kuzipanga nchi zisizojenga kwa mazao. Tanzania ilikaa katika kundi la viungo, na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikakaa katika kundi la kahawa. Mpango wa Milan ulikuwa wa busara zaidi kuliko kuzirundika nchi za Kiafrika katika ukumbi mmoja kwa sababu tu ziko bara moja, jambo lililofanyika Shanghai mwaka 2010, ambapo zaidi ya nchi 40 ziliwekwa chini ya paa moja. Kahawa ya Burundi na ya Guatemala zinapokaa jirani, mgeni anapata la kulinganisha. Nchi 40 zinapokaa pamoja bila mada inayoziunganisha, mgeni hutoka na kumbukumbu moja ya rangi nyingi na ngoma.

Kuhusu fedha, nchi inayojenga hulipa ujenzi, wafanyakazi, vifaa na ubomoaji. Ubomoaji husahauliwa sana na walioko nyumbani, ilhali kanuni huitaka nchi kurudisha kiwanja kikiwa tupu baada ya maonesho, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine na mwenyeji. Kwa nchi zinazoendelea, mwenyeji kwa kawaida hutenga fungu la kuzisaidia, ambalo huweza kugharimia nafasi, upambaji na hata usafirishaji wa vifaa. Kwa hiyo ukubwa wa banda hauonyeshi moja kwa moja utajiri wa nchi wala umakini wa serikali yake. Huonyesha aina ya ushiriki iliyochaguliwa, na wakati mwingine kuchagua chumba kidogo kizuri ni uamuzi wa busara kuliko kujenga jengo kubwa likakosa cha kuonyesha.

Na je, huko wanauza? Wanauza, kwa mipaka. Banda huruhusiwa kuwa na duka dogo na mgahawa wa vyakula vya nchi husika, lakini biashara haipaswi kulimeza onyesho. Faida inayokusudiwa hutafutwa kwingine, kwa watalii watakaoamua kuja, mikutano ya wawekezaji inayofanyika katika vyumba vya nyuma ambavyo mgeni wa kawaida havioni, na uhusiano na nchi mwenyeji. Faida ya namna hiyo ni ngumu kupimwa, na wananchi wana haki ya kudai taarifa yake, lakini kuipima kwa kuhesabu vinyago vilivyouzwa ni kutumia kipimo kisichofaa.

Mgeni anapofika

Osaka inatufaa kwa mfano, kwa sababu utaratibu wake uliwasumbua wengi na utaratibu wa namna hiyo huenda ukaigwa. Maonesho yalifanyika katika kisiwa cha Yumeshima, kilichotengenezwa na watu baharini, kuanzia Aprili 13 hadi Oktoba 13, 2025, yakiwa na nchi na maeneo 158. Tiketi ya siku moja kwa mtu mzima ilikuwa yeni 7,500. Tiketi hiyo ililipia kiingilio cha uwanja, na mabanda hayakutozwa ada nyingine, lakini kulipa kiingilio hakukumhakikishia mtu kuingia kila banda. Kwanza mgeni alitakiwa kuchagua siku na saa ya kupita langoni. Kisha kwa mabanda yanayopendwa sana aliomba nafasi kwa bahati nasibu miezi 2 kabla, akaomba tena siku 7 kabla, nafasi zilizobaki zikagombewa siku 3 kabla kwa anayewahi, na za mwisho zilitolewa siku yenyewe baada ya mtu kuingia uwanjani. Mabanda mengine mengi hayakuhitaji haya yote. Mtu alipanga foleni akaingia.

Jambo la kwanza lililomkabili aliyepita langoni halikuwa banda la nchi yoyote. Lilikuwa Duara Kuu, jengo la mbao lililosanifiwa na Sou Fujimoto, lenye mzunguko wa takriban kilomita 2, ambalo mabanda mengi ya nchi za nje yalijengwa ndani yake. Ukisogea karibu na nguzo uliona namna mihimili ilivyopitishwa ndani ya matundu ya nguzo, kwa ufundi wa kale wa mahekalu ya Kijapani unaotegemea kuingiliana kwa mbao, ukiongezewa vyuma vya kisasa kwa ajili ya matetemeko ya ardhi. Upande wa nje lilifika mita 20 kwenda juu na upande wa ndani mita 12, hivyo paa lake liliinama kuelekea katikati, nalo lilikuwa na njia ya kutembea. Chini yake watu walipata kivuli na kinga ya mvua. Kwa mgeni mwenye hekima duara hilo lilikuwa pia dira, kwani kutoka juu aliona mabanda yote yaliyokuwa ndani na mahali foleni zilipokuwa fupi.

Ndani ya banda kubwa mambo hupangwa kwa mtiririko unaofanana karibu kila mahali. Kundi la wageni huingizwa chumba cha kwanza, huelezwa kwa filamu fupi, milango hufunguka, hupita kwenye vyumba vyenye vifaa na picha kubwa, kisha hutokea dukani au kwenye mgahawa. Mtiririko huo hautakupa muda wa kusoma kila kitu, kwa hiyo inafaa uingie ukiwa na swali moja tu: nchi hii imechagua kuniambia jambo gani, na ni jambo gani imelinyamazia? Banda la Italia lilijibu kwa kazi za wasanii mahiri wa kale, likiwa na sanamu ya marumaru ya Atlas, jitu la hadithi za Kigiriki, iliyobeba mbingu, pamoja na mchoro wa Caravaggio ulioletwa na Vatikani, na foleni yake ikawa miongoni mwa ndefu kuliko zote. Marekani ilionyesha jiwe kutoka mwezini, kama ilivyofanya Osaka hiyohiyo mwaka 1970, katika maonesho yaliyopokea wageni milioni 64.

Lakini mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ulikuwa katika ukumbi wa pamoja. Ukraine ilichukua nafasi ndogo na kuipanga kama duka. Rafu zilijaa vitu vya kawaida vya rangi ya bluu na njano, na mgeni alipewa kifaa cha mkononi cha kusomea alama za bei kama kile cha keshia wa duka kubwa. Alipokielekeza kwenye kitu, kioo cha kifaa hakikuonyesha bei. Kilionyesha filamu fupi ya maisha ya watu wa nchi hiyo na thamani ambayo kitu kile kinaiwakilisha, na jina la onyesho lote lilisema kwamba vitu hivyo haviuzwi. Hapakuwa na ghorofa wala mnara. Palikuwa na wazo moja lililofikiriwa vizuri, na kila aliyeshika kifaa kile alilielewa bila kuhitaji mkalimani.

Kwa sababu hiyo ushauri wetu unakwenda kinyume na desturi. Watu wengi hukimbilia foleni ndefu asubuhi, hupoteza saa za kwanza wakiwa wamesimama, kisha hupita kumbi za pamoja jioni wakiwa wamechoka, kwa ajili ya kukusanya mihuri ya mabanda kwenye vijitabu vyao tu. Afadhali aliyepata nafasi katika banda kubwa aende kwa saa yake, na asiyepata aanzie kwenye kumbi za pamoja asubuhi, wakati wahudumu bado wana nguvu ya kuzungumza. Katika kibanda cha nchi ndogo, anayekupokea mara nyingi ni raia wa nchi ile, anayeweza kukueleza kahawa yao inakaushwaje au kitambaa kile huvaliwa na nani na siku gani. Katika mabanda makubwa mhudumu ana dakika chache na kundi linalofuata linasubiri.

Mihuri yenyewe ina historia yake. Montreal mwaka 1967 tiketi za maonesho zilitengenezwa kwa umbo la pasipoti, na kila banda likagonga muhuri wake. Desturi ikadumu, na Dubai iliuza kijitabu cha njano kwa dirhamu 20 ambacho watoto na watu wazima walikibeba banda hadi banda. Ni kumbukumbu nzuri na huwavutia watoto kujifunza majina ya nchi, ila muhuri huo hauna nguvu yoyote ya kisheria. Vilevile banda si ubalozi. Halina kinga ya ardhi ya kidiplomasia, halitoi visa, na aliyepoteza pasipoti yake halisi anapaswa kwenda polisi na kwenye ubalozi wa nchi yake.

Anayetaka kuiona nchi fulani ikiwa katika ubora wake achague siku ya taifa hilo. Kila mshiriki hupangiwa siku moja ambapo bendera yake hupandishwa, nyimbo za taifa za mwenyeji na za mshiriki hupigwa, viongozi huhutubia, na vikundi vya ngoma na muziki vilivyosafiri kutoka nyumbani hutumbuiza jukwaani. Kwa Waswahili wanaoishi Ghuba au Ulaya, siku hiyo huwa mkutano wa wana wa nyumbani, na ndiyo nafasi ya kumuuliza mhusika ana kwa ana maswali yale ya vijiweni.

Majengo hayo huenda wapi baadaye? Dhana kwamba yote huvunjwa ina ukweli mwingi, lakini haijakamilika. Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili ya maonesho ya mwaka 1889 na ulitarajiwa kuondolewa baada ya miaka 20, ukaokolewa na faida yake katika mawasiliano ya redio. Banda la Ujerumani lililosanifiwa na Mies van der Rohe huko Barcelona mwaka 1929, ambalo ndani yake hamkuwa na bidhaa karibu yoyote, kuta za marumaru na ukimya tu, lilivunjwa mwaka 1930, kisha wasanifu wakaona pengo lake na kulijenga upya mahali palepale katika miaka ya 1980. Banda jekundu la China la Shanghai likawa jumba la sanaa. Uwanja wa Dubai ukageuzwa kuwa mtaa wa kudumu, na humo ndimo ulimofanyika mkutano wa tabianchi wa COP28 mwishoni mwa mwaka 2023.

Afrika bado haijawahi kuwa mwenyeji wa Maonesho ya Dunia wala ya yale maalumu chini ya BIE. Tangier ya Morocco iliomba yale maalumu ya mwaka 2012 na kushindwa na Yeosu ya Korea Kusini. Maonesho ya Dunia yanayofuata ni ya Riyadh, yaliyopangwa kuanza Oktoba 1, 2030 hadi Machi 31, 2031, miezi ambayo joto la huko hupungua. Kwa wakazi wa Oman, Imarati na pwani yetu ya Afrika Mashariki, Riyadh ni karibu kuliko Osaka, na anayekusudia kwenda atafanya vyema kuanza kwa kusoma kaulimbiu, kuulizia mapema masharti ya visa na ya kuweka nafasi katika mabanda, na kutafuta tarehe ya siku ya taifa lake kabla hajakata tiketi ya ndege.